Toboa Kwanza, Chonga Baadaye: Kazi ya Tomahoki za Kiko

Mpini wa kwanza niliowahi kuutoboa kwa ajili ya tomahoki ya kiko uliharibika ukiwa umebakiza upana wa vidole vitatu tu ufike mwisho. Nilikuwa nimekwisha kuuchonga, nimeupiga msasa na kuupaka mafuta, na ndipo, baada ya kuukamilisha kwa nje, nikaubana kwenye jiliwa ili niupitishie tundu la moshi kutoka ncha moja hadi nyingine. Kekee ilifuata nyuzi za mti badala ya kufuata nia yangu, ikaanza kupinda bila mimi kujua, na mara nikaona ubavu wa mpini ukivimba kidogo, ukapasuka, na ncha ya chuma ikachomoza. Kazi ya siku mbili ikawa kuni. Tangu siku hiyo sijauchonga mpini wowote kabla ya kuutoboa, na sehemu kubwa ya ninayoyajua leo kuhusu kazi hii nilianza kujifunza pale nilipoutazama ule ufa.

Tomahoki ya kiko ni shoka dogo la mkono mmoja ambalo mbele lina makali na nyuma, mahali ambapo shoka la kawaida huwa na kisogo bapa, lina bori, yaani kile kikombe cha kutilia tumbaku. Mpini wake una tundu linalopita ndani kwa urefu wake, na ncha yake ya chini ndiyo inayotiwa mdomoni. Anayetaka kuvuta huulaza mpini ili bori liangalie juu, na hapo makali hayana pa kuelekea isipokuwa ardhini. Nimesoma maelezo mengi kuhusu maana ya chombo hiki, lakini hakuna linalonigusa kama jambo hilo moja la umbo lake: huwezi kukivuta bila kuyashusha makali yake.

Jina lenyewe linatokana na lugha ya Kialgonquin iliyokuwa ikizungumzwa huko Virginia, ambamo lilihusu chombo cha kukatia. Wenyeji wa misitu ya mashariki ya Marekani Kaskazini walikuwa na mashoka ya mawe na marungu kabla ya chuma kuwafikia kwa njia ya biashara, na walikuwa na kiko ambacho kilikuwa na nafasi yake ya heshima katika maombi, mashauri na mapatano. Mwanzoni mwa karne ya 18 vitu hivyo viwili viliunganishwa katika chuma kimoja. Vichwa vilifuliwa na wahunzi wa Uingereza, wa Ufaransa na wa makoloni yenyewe, vikapelekwa kubadilishwa kwa ngozi za wanyama, na vile vizuri zaidi, vilivyonakshiwa kwa fedha, vikatolewa kama zawadi kwa viongozi wakati wa kufunga mikataba. Katika mpini huo ulivutwa mchanganyiko wa tumbaku na maganda au majani ya mimea mingine, ambao mara nyingi huitwa kinikiniki.

Mimi si mvutaji. Nalisema mapema kwa sababu watu huniuliza kwa nini basi ninahangaika na tundu la moshi ambalo huenda mwenye kuinunua tomahoki asilitumie hata siku moja, ilhali angeridhika na kichwa kizuri cha kutundika ukutani. Jibu langu halijabadilika: chombo hiki kilibuniwa kiwe shoka la kweli na kiko cha kweli kwa wakati mmoja, na ugumu wote wa kukitengeneza umo katika neno hilo «kwa wakati mmoja». Nimeshika mikononi tomahoki nyingi za siku hizi ambazo makali yake hayakuwahi kutiwa feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika makali, wala kugumishwa, na bori lake halina njia yoyote ya kupitishia hewa. Nyingine zina tundu la mapambo lenye kina cha ukucha. Kwangu mimi hicho ni sanamu ya chombo, na sipendi kukiuza kwa jina la chombo.

Nianze na mpini, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi hufia. Miti inayofaa ni ile iliyotumiwa tangu zamani katika nchi hiyo hiyo: eshi, hikori, mepo na cheri. Eshi ilipendwa sana, na sababu yake si ugumu wa kuhimili mapigo peke yake. Mche mchanga wa eshi una kiini laini katikati, na fundi asiye na kekee ndefu aliweza kukisukuma au kukichoma kwa waya uliotiwa motoni mpaka ukawa mwekundu, akiusukuma kidogo kidogo na kuurudisha motoni kila ulipopoa. Mti uitwao sumaki (sumac), nao una kiini cha namna hiyo, ulitumiwa kwa mashina ya viko vya kawaida, lakini ni dhaifu mno kubeba kichwa cha shoka. Nimejaribu njia ya waya mara kadhaa. Inahitaji uvumilivu, inatoa moshi mkali ambao hutaki kuuvuta ukiwa ndani ya chumba, lakini ina uzuri wake: waya hufuata kiini chenyewe, kwa hiyo tundu hupinda pale mti unapopinda na halitoki ubavuni. Mche wenye kombo kidogo, ambao kekee ingeutoboa vibaya, kwa waya unakubali.

Wako pia wanaoupasua mpini katikati kwa urefu, wakachimba mfereji katika kila nusu, kisha wakaziunganisha tena kwa gundi. Njia hiyo hutoa tundu lililonyooka bila wasiwasi. Sina ugomvi na wanaoitumia, ila mimi nimeiacha, kwa sababu mate na joto hupita ndani ya mfereji huo kila mara kiko kinapovutwa, na sipendi kuweka gundi mahali ambapo mtu atavuta hewa kupitia hapo. Zaidi ya hayo, mpini wa shoka ulio na mshono wa urefu wote haunipi imani unapogonga gogo.

Kwa hiyo ninatoboa. Huchukua gogo lililopasuliwa kwa kabari, si lile lililokatwa kwa msumeno, kwa maana kabari hufuata nyuzi na huniambia ukweli kuhusu mti, ilhali msumeno hupita popote unapoelekezwa na kuficha nyuzi zinazokwenda mshazari. Nalipiga randa hadi liwe mche wa pembe nne wenye upana wa milimita 40 na urefu wa sentimita 55 hivi. Hapo katikati ya kila ncha ninaweka alama, na ninatoboa kwa kekee ndefu ya milimita 6, nusu kutoka ncha hii na nusu kutoka ncha ya pili. Kila baada ya sentimita moja au mbili ninaitoa kekee na kuisafisha, kwa sababu unga wa mti unaobanwa ndani ndio unaoisukuma kekee ipinde, na ndio pia unaoipasha moto hadi ukuta wa tundu uungue na kuwa mgumu. Mafundi wenye haraka huvunja kekee zao hapa. Matundu mawili yanapokutana, mara nyingi hayakutani sawasawa. Huwa kuna kidaraja kidogo cha milimita moja au mbili, na hicho hukisawazisha kwa waya wa moto, ambao naukubali kama msaidizi hata pale ambapo sikuutumia kama njia kuu.

Baada ya hapo mche ule wa pembe nne hauna tena katikati yake ya zamani. Katikati mpya ni tundu. Ninapigia mistari yote kutokea kwenye tundu, na kama limeelemea upande mmoja kwa milimita 5, basi mpini wote utahama milimita 5 na ziada itaondolewa upande wa pili. Ndiyo maana ya kutoboa kwanza: mti huzungushiwa tundu, badala ya tundu kutafutiwa nafasi ndani ya mti. Natumia kisu cha mikono miwili na tupa ya mbao, nikiuacha mpini uwe mnene kidogo juu na uendelee kupungua hadi mdomoni.

Kuhusu kichwa, historia imetuachia njia zaidi ya moja, na kila moja ina tabia yake. Kuna vichwa vya shaba ya njano vilivyomiminwa kwenye kalibu, na vilivyo bora kati ya hivyo vimepachikwa kipande cha feleji kwenye makali, kwani shaba peke yake haikati kitu kwa muda mrefu. Ni vizuri kwa macho kuliko vyote, ila mimi siyeyushi shaba ya njano. Zinki iliyomo huchemka kwenye nyuzi 907 za Selisiasi, ambazo ziko karibu kabisa na joto la kuyeyusha mchanganyiko wenyewe, na moshi mweupe unaopanda humpa fundi homa na kutetemeka usiku huohuo. Kuna vichwa vya ukanda wa chuma uliokunjwa kuzunguka tundu la mpini, ncha mbili zikaunganishwa motoni na ulimi wa feleji ukiwa katikati yake. Na kuna vile vilivyotengenezwa kwa kipande cha mtutu wa bunduki kuukuu, ambavyo kwangu ni ushahidi wa akili ya wahunzi wale: upande mmoja wa mtutu uliachwa mviringo ukawa bori, upande wa pili ukapondwa ukawa bapa na kutiwa feleji, na tundu la mpini likatobolewa katikati. Bunduki za jeshi la Ufaransa za wakati ule zilikuwa na kipenyo cha milimita 17 na nusu hivi, nacho ndicho kipenyo kinachofaa bori. Kazi ya kutoboa ilikuwa imeshafanywa na mtengeneza bunduki.

Mimi hufua kutoka kwenye kipande kizima cha chuma laini. Kwanza ninafungua tundu la mpini kwa tindo la moto, nikikata kutoka pande zote mbili hadi mikato ikutane, kisha ninalipanua kwa kupitisha mtaimbo mfupi uliochongoka, nikihakikisha kwamba sehemu ya juu ni pana kuliko ya chini. Mpini wa tomahoki huingizwa kutoka juu, ncha nyembamba ikitangulia, na hukaza wenyewe kila unapopiga; hauna haja ya kabari. Halafu ninageukia kisogo. Hapo ninakibana chuma juu ya ukingo wa fuawe ili kupata shingo nyembamba, na kinachobaki nyuma ya shingo ninakizungushazungusha chini ya nyundo mpaka kiwe kama pipa dogo. Ni rahisi mno kuifanya shingo hii iwe nyembamba kupita kiasi kwa ajili ya urembo. Lakini kumbuka kwamba ndani yake itapita njia ya moshi, na nje yake itabeba uzito wa bori kila shoka linapogonga, kwa hiyo ninaiacha nene kuliko ambavyo jicho langu lingetaka.

Makali ndiyo sehemu ambayo hunifanya nishike pumzi. Ninaipasua ncha ya mbele kama mdomo wa ndege, ninachomeka kipande cha feleji kilichochongwa kama kabari, ninanyunyizia boraksi, unga unaosafisha nyuso za chuma ili ziungane, na kurudisha vyote motoni hadi rangi ya chuma itoke kwenye manjano na kukaribia weupe, ambapo boraksi hutiririka kama maji na uso wa chuma huonekana umelowa. Nafasi iliyopo kati ya joto lisilotosha na joto linalounguza feleji ni sekunde chache. Mapigo ya kwanza huwa mepesi, kwani kazi yake ni kufukuza uchafu na kuzigusanisha nyuso. Mapigo mazito huja katika joto la pili na la tatu. Muungano ulioshika hutoa mlio mzito unapogongwa, nao usioshika hulia kama sahani yenye ufa. Nimetupa vichwa vinne kwa sababu ya mlio huo. Kugumisha ni kazi fupi ukilinganisha na hiyo: ninayapasha makali mpaka sumaku isiyashike, nayachovya peke yake ndani ya mafuta ya uvuguvugu huku shingo na bori vikibaki nje, kisha nayalegeza kwa joto la nyuzi 260 hivi mpaka rangi ya shaba iliyokolea ionekane. Makali ya shoka yanapaswa kuwa laini kidogo kuliko ya kisu, la sivyo yatamegeka.

Bori nalitoboa mwisho, kwa kipenyo cha milimita 16 na kina kisichozidi milimita 30, sakafu yake ikiwa na mviringo. Kutoka kwenye sakafu hiyo kekee ya milimita 4 hupita ndani ya shingo hadi kwenye tundu la mpini. Sasa inafika hatua ambayo nimeijua kwa kukosea: tundu la ubavuni mwa mpini, lile linalopokea moshi kutoka kwenye shingo, lisitobolewe kwa kupima. Ninakiweka kichwa kwenye mpini wake, nakikaza kama kitakavyokaa siku zote, na hapo ndipo ninapoipitisha kekee ileile kupitia bori, kupitia shingo, hadi niihisi ikidondokea kwenye uwazi ulio ndani ya mti. Matundu hayo hayawezi tena kupishana. Kati ya chuma na mti naweka utepe mwembamba wa ngozi uliotiwa nta ya nyuki, kwa sababu hewa ikipenya pembeni kiko hakivuti, hata kama kila tundu limenyooka. Juu ya mpini kunakuwa na kizibo cha mti mgumu au cha pembe, ambacho nakiacha kinachomoka ili njia isafishwe.

Mafundi wa zamani walipenda kunakshi bori na mpini kwa risasi, ile metali laini yenye sumu, au kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Mimi nakataa kuitia risasi karibu na moto na mdomo wa mtu, hata mteja akisisitiza kwamba ndivyo zilivyokuwa. Fedha halisi inafanya kazi hiyo vizuri, na kwa macho ni bora. Ndani ya bori siweki rangi, lakiri wala mafuta ya aina yoyote.

Ninapofanya kazi hii hukumbuka kwamba watu walivijali vitu hivi kwa namna ambayo duka haliwezi kuieleza. Katika msafara wa Lewis na Clark, uliotumwa na serikali ya Marekani kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki, Sajini Charles Floyd alifariki mwaka 1804, na tomahoki yake ya kiko ikabaki kwa William Clark, aliyekusudia kuirudisha kwa jamaa za marehemu. Iliibwa njiani. Mwaka 1806, walipokuwa wakirejea, waliikuta miongoni mwa Wanez Perce, taifa moja la Wenyeji wa kaskazini-magharibi, mikononi mwa mtu aliyekuwa mahututi, na ndugu zake walitaka azikwe nayo. Pande mbili zilikuwa zikigombea shoka moja, kila moja kwa ajili ya mtu wake aliyekufa au anayekufa, na ilibidi zitolewe shanga, kitambaa na farasi wawili wa kuchinjwa kaburini ndipo lirudi kwa Clark.

Tomahoki ya Cornplanter, kiongozi wa Waseneca, Wenyeji wa New York, ambayo alipewa na Rais George Washington, ilifika kwenye jumba la makumbusho la jimbo la New York mwaka 1851 kupitia kwa Ely Parker, naye Mseneca, aliyekuwa ameitilia mpini mpya wa mepo wenye fedha. Iliibwa humo mwishoni mwa miaka ya 1940, na ikarejeshwa mwaka 2018. Na Standing Bear, chifu wa Waponca, taifa jingine la Wenyeji, alimpa tomahoki yake mmoja wa mawakili waliomtetea mwaka 1879 mjini Omaha, katika kesi ambayo hakimu aliamua kwamba Mhindi, kama Wenyeji walivyoitwa wakati ule, ni mtu mbele ya sheria. Ilipita mikono kadhaa hadi ikafika jumba la makumbusho la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 2022 ikakabidhiwa kwa watu wake.

Kwa sababu hiyo natia chapa ya jina langu chini ya bori, mahali ambapo mnunuzi hawezi kukosa kuiona. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu sanaa za Wenyeji inakataza kuuza kazi kwa kudai au kudokeza kwamba imetengenezwa na Wenyeji wakati si kweli, na adhabu ya kosa la kwanza inaweza kufikia faini ya dola 250,000 au kifungo cha miaka 5. Ninaiunga mkono sheria hiyo hata ninapokuwa mbali na mkono wake. Siigi alama za taifa lolote, sifungi manyoya wala shanga, na mawe mekundu ya kuchongea viko ya Pipestone, huko Minnesota, ambayo kuchimbwa kwake kumeachiwa Wenyeji peke yao, siyagusi. Ninachoweza kukirithi kwa haki ni ufundi wa chuma, ambao wahunzi wa pande nyingi walishiriki.

Juma hili kuna kichwa kimoja mezani, na mpini wa eshi ambao tundu lake limeelemea kushoto kwa milimita 3. Nimeshapiga mistari mipya. Utakapokuwa tayari nitaziba mdomo wa juu, nitauweka mpini midomoni na kuvuta hewa taratibu huku kidole kikiwa juu ya bori. Kama ulimi wangu utanaswa kwenye tundu na kubaki hapo kwa muda, ngozi imeziba na njia ni nzima. Kisha nitakiondoa kidole, hewa ipite, na nitaanza kunoa makali.